Mikarafuu Mifupi ya Bi Kazija

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Yussuf Ngwali alikuwa amepiga goti katika kitalu cha miche ya mikarafuu huko Mtambile, akiandika kesi ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa pembeni, amefungwa kamba, bado anatafuna. Katika daftari la kamati palikuwa na safu iliyoandikwa "Mhusika", na Yussuf hakuwa ameamua kama aandike mbuzi au mwenye mbuzi. Ndipo simu ikalia.

Alikuwa Asya, binti wa dada yake.

"Mjomba."

"Naam, mwanangu."

"Mama kafa, mjomba. Kasali Dhuha, kakaa palepale kwenye msala, kaegemea ukuta. Namwita chai, kimya. Namwita tena, kimya."

Yussuf alisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Akaisema mara ya pili, kwa sababu ya kwanza ilitoka bila sauti. Kalamu ilikuwa bado mkononi, ikaandika jina lililokuwa sikioni, na mpaka leo daftari lile linaonyesha kuwa aliyekula miche miwili ya mikarafuu ni Kazija.

"Mjomba, upo?"

"Nipo."

"Bi Shadya kasema uje sasa hivi. Kuna wasia. Na kasema uje na daftari, na muhuri."

"Muhuri wa nini kwenye msiba?"

"Atakueleza mwenyewe, mjomba. Kasema bila muhuri mama haoshwi."

Yussuf alimfungua mbuzi, akapanda baiskeli. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alipokuwa na minne, mama yao alifariki, na Kazija, aliyekuwa na kumi, ndiye aliyemkogesha, akampikia uji, akampeleka chuoni kusoma Kurani. Njia nzima alikuwa akimwombea rehema, na katikati ya dua akawa anajiuliza muhuri ule unatakiwa wapi. Moyoni alikuwa anajua. Hakutaka kujua, lakini alikuwa anajua.

Kwa miaka kumi na mmoja Yussuf alikuwa katibu wa kamati ya kulinda mikarafuu ya kijijini kwao. Kazi hiyo aliipenda. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na katika yote aliyosomeshwa, lililomkaa ni mwandiko safi na rula. Kila mkarafuu wa kijiji ulikuwa na namba yake, jina la mwenyewe na urefu wake. Mkarafuu haukatwi bila ruhusa, na Yussuf alikuwa tayari kukesha kwa ajili ya namba moja iliyopotea. Watu walimheshimu, wakamchoka, wakamheshimu tena.

Dada yake yeye alipanda mirehani. Si ule mrehani wa kawaida ambao wanawake huuchanganya na asumini wakatengeneza kikuba, kishada cha kunukia cha kuvaa. Wa Bi Kazija ulikuwa na shina la rangi ya zambarau, majani madogo yenye vinyweleo, na harufu kali inayopanda puani kama karafuu iliyosagwa. Mbegu alipewa ujanani na mama mmoja wa Kihindi wa Chake Chake, aliyekuwa akimfundisha kushona. Mama yule alikuwa na mche mmoja uani, akiuzunguka kila asubuhi kwa heshima za dini yake. Bi Kazija alipokea mbegu, heshima zile akamwachia mwenyewe. Akasema, "Miye nina kibla changu. Nipe jani tu."

Na jani alilijua. Alichuma asubuhi umande ukishakauka na kabla mche haujatoa maua, maana ukishachanua, alisema, nguvu zinakwenda kwenye mbegu. Alianika kivulini, kwa sababu jua huondoa mafuta yakabaki majani matupu kama ya kufagilia. Kikohozi alichemshia na tangawizi. Mafua alifukizia chini ya kanga. Jino aliweka jani lililopondwa, na mtu aliyekuja akilia alirudi mdomo umekufa ganzi, anazungumza kama mlevi, Mungu atunusuru, lakini maumivu hana. Tumbo la gesi vilevile. Mbu walikuwa hawaijui nyumba yake. Hakumtoza mtu. Alisema dawa kaiotesha Mungu, yeye kazi yake ni kumwagilia tu.

Balaa lilianza miaka minne kabla, msimu wa karafuu. Kamati ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba kutafuta karafuu zilizofichwa ili zivushwe kwa magendo kwenda Mombasa, na mwenyekiti wake, Mzee Zubeir, alikuwa na imani kubwa na pua yake. Mbele ya nyumba ya Bi Kazija alisimama, akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Kuno kuna magunia si chini ya matatu," akasema.

Walipekua chini ya kitanda, darini, ndani ya pipa la maji, hata ndani ya mto wa kulalia. Bi Kazija aliwafuata nyuma akiwashikia taa ya simu ili waone vizuri. "Hapo hamjatazama, Mzee Zubeir. Na ndani ya birika je? Gunia moja haliingii lakini jaribuni." Hawakupata kitu. Siku ya pili walirudi, na ya tatu pia. Harufu ipo, karafuu hakuna. Mwisho Mzee Zubeir alikwenda uani, akachuma jani, akalifikicha, akapiga kelele kama mtu aliyeona jini.

Wakamwita Suhaila, mjukuu wa ami yao, anayesomesha kemia skuli ya sekondari. Suhaila alikuja na buibui lake na subira yake.

"Katika majani haya mna mafuta mepesi, yanaruka hewani, ndiyo pua ikayapata," alisema. "Na ndani ya mafuta hayo kuna kitu kinaitwa yujinoli. Ndicho kinachotia ganzi jino na kuua vijidudu. Kitu hichohicho ndicho kilichojaa kwenye karafuu. Ndiyo maana vinanukia sawa."

"Kwa hivyo ndani ya mti huu mna karafuu," akasema Mzee Zubeir.

"Hapana, Mzee. Mna kitu ambacho kimo pia katika karafuu."

"Ndo nilivyosema."

"Hata majani ya mdalasini yanacho."

Mzee Zubeir akamgeukia Yussuf. "Andika na mdalasini."

"Mzee wangu," Suhaila akasema, "mrehani ni ukoo wa mnanaa. Mkarafuu ni ukoo mwingine kabisa, jamaa zake ni mpera na mzambarau."

Mzee Zubeir aliutazama mpera wa jirani kwa muda mrefu, na jirani akatoka nje kuulinda. Kisha kikao kikafanyika palepale uani. Mzee Zubeir alitoa hoja kuwa chenye kitu cha karafuu, harufu ya karafuu na kazi ya karafuu, kamati ikikiacha bila namba, itaulizwa. Nani ataulizwa? Katibu. Yussuf aliinua kichwa, akamtazama mwenyekiti wake, akamtazama dada yake aliyekuwa anacheka mpaka kashika mbavu. Kicheko kile ndicho kilichomponza. Angenyamaza, pengine Yussuf angesema, "Mzee, hii ni mirehani." Lakini kuchekwa na dada mbele ya kamati! Akatoa rula. Akaandika mikarafuu arobaini, mali ya Kazija Ngwali, urefu kati ya mita sifuri nukta nne na sifuri nukta saba. Nakala ikapelekwa juu, na kutoka juu halikurudi swali lolote, ikawa sheria.

Bi Kazija hakulalamika hata siku moja. Alifanya jambo baya zaidi: alitii. Tangu siku ile hakuchuma jani bila kuandika barua.

"Kwa Katibu. Assalaam alaykum. Naomba ruhusa ya kuchuma majani kumi na mawili ya mkarafuu namba 7, wenye kunifika magotini, kwa kikohozi cha Nyange. Mzigo huu hautavushwa kwenda Mombasa. Wako mtiifu, Kazija Ngwali, dada yako."

"Kwa Katibu. Naomba majani matano ya namba 19 kwa jino la Haroub wa Wambaa. Yatatafunwa mbele ya mashahidi."

"Kwa Katibu. Naarifu kwamba mkarafuu namba 3 nimeuhamishia katika kopo la maziwa na kuuweka dirishani. Je, niulize idara ya ujenzi?"

Yussuf alizijibu zote. Angefanya nini? Aliandika "Imeruhusiwa", akapiga muhuri. Watu walizoea kumwona mgonjwa amekaa barazani kwa Bi Kazija, shavu limevimba, akisubiri karatasi irudi kutoka kwa katibu. Barua moja Yussuf hakuisahau kabisa: "Ashraf kataka majani ya kushusha sukari. Ni kweli husemwa mrehani hushusha. Lakini Ashraf ana vidonge vya hospitali, na dawa mbili zikishusha kwa pamoja ataanguka njiani. Nimemwambia akamuulize daktari kwanza. Naomba ruhusa ya kutochuma." Yussuf aliisoma mara tatu, akapiga muhuri ruhusa ya kutochuma.

Mwaka jana yeye mwenyewe alishikwa na homa na kifua. Bi Kazija alikuja na sufuria ya maji ya moto, majani na barua. Mwombaji: Kazija. Mgonjwa: Katibu. Mtoa ruhusa: Katibu. Alimfunika blanketi yeye na sufuria, akampenyezea karatasi kwa chini. "Piga muhuri huko huko, mdogo wangu, mvuke usitoke." Akapiga, jasho linamchuruzika, na chini ya blanketi kwa mara ya kwanza alicheka. Hapo angeweza kusema neno. Hakulisema. Kifua kilipona.

Alipofika uani siku ile ya msiba, wanawake walikuwa wamejaa, masufuria ya maji yako motoni, pazia la kanga limezunguka mahali pa kuoshea. Bi Shadya, mwosha maiti wa kijiji, alitokeza kichwa tu. Ni mwanamke asiyebembeleza walio hai wala waliokufa.

"Umekuja na muhuri?"

"Nimekuja nao. Bi Shadya, niambie wasia."

"Dadako kaniusia mbele ya Asya, akili zake timamu. Mirehani yote arobaini ikatwe. Majani yatiwe katika maji ya kumwoshea, na matawi yawekwe juu ya kaburi. Mbegu keshawapa watu. Kasema hataki mdogo wake abaki na mikarafuu ya kulinda."

Yussuf alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Na kaniapisha," Bi Shadya akaendelea, sauti imepungua kidogo, "asikate mtu hata kijiti mpaka Yussuf atoe ruhusa kwa mkono wake. Kasema, nisije nikamtia aibu mbele ya kamati nami sipo kumtetea. Sasa toa. Maziko ni baada ya Adhuhuri, na maji hayangoji."

Kuruhusu majani lilikuwa jambo la katibu. Kukata mti lilikuwa jambo la fomu. Yussuf aliitoa fomu mfukoni, akainyoosha juu ya goti. Sababu ya kukata: uzee wa mti, maradhi, ujenzi, au umepigwa na radi. Mwenye mti aweke sahihi. Chini kabisa, kwa herufi alizozichora mwenyewe kwa rula, iliandikwa kuwa katibu hatatoa ruhusa kwa jamaa yake, atatoa mwenyekiti.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Anachimba kaburi," akasema Asya.

Makaburini, kichwa cha Mzee Zubeir kilikuwa kinaonekana na kupotea, kinaonekana na kupotea, pamoja na ncha ya jembe. Yeye na Seif, kijana aliyekuwa akimsaidia kuchimba, walikuwa wamefika kwenye mwanandani, nafasi ya chini ya kumlaza maiti. Yussuf alisimama ukingoni na fomu mkononi.

"Yakhe, weye leo mfiwa, kaa kivulini," Mzee Zubeir alimwambia kutoka chini. "Allah amrehemu. Tulimpekua nyumba siku tatu, na kila tukirudi chai tayari."

"Mzee, nataka sahihi." Akamweleza wasia.

Mzee Zubeir alijipangusa udongo, akaisoma fomu ndani ya kaburi, midomo inacheza. "Mwenye mti ndiye mwombaji."

"Mwenye mti ndiye anayezikwa."

"Basi warithi waombe."

"Mirathi haigawiwi kabla ya maziko."

Mzee Zubeir akafikiri. "Tumzike kwanza. Mirathi igawiwe, warithi waombe, ruhusa itoke, mirehani ikatwe, aoshwe."

Seif aliacha kuchimba. "Tutakuwa tushamzika, Mzee."

"Hapo pagumu," akasema Mzee Zubeir.

Kutoka njiani alikuja Asya, macho mekundu, kanga imemshuka begani. "Mjomba, Bi Shadya anauliza jibu. Kasema akikosa atamwosha kwa maji matupu, na kauli ya mwisho ya mama itakuwa haikutimizwa, na mwenye kujibu mbele ya Mungu si yeye."

Yussuf aliinama akamtazama mwenyekiti wake. "Mzee Zubeir, umesema mirehani."

"Nimesema nini?"

"Umesema mirehani ikatwe. Hukusema mikarafuu."

Mzee Zubeir alishika ukingo wa kaburi kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa sawasawa na viatu vya Yussuf. "Yakhe," akasema polepole, "miye nilijua siku ileile kuwa si mikarafuu. Mtoto wa skuli angejua. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu. Nikasema moyoni, Yussuf kasoma, yeye ndiye mwenye kalamu, atanisahihisha."

"Nami nilijua."

"Ulijua?"

"Nilingoja weye ufute. Weye ndo mwenyekiti."

"Miaka minne?"

"Minne."

"La ilaha illa Llah," akasema Seif kwa sauti ya kunong'ona, akaendelea kuchimba, kwa sababu alikuwa hana la kufanya na uso wake.

Yussuf alikaa juu ya tuta la udongo mbichi wa kaburi la dada yake, akafungua daftari. Akatoa rula. Mstari wa kwanza aliupiga juu ya namba 1, umenyooka. Katika safu ya maelezo aliandika: Katibu alikosea.

"Piga mmoja mkubwa, wa mshazari," Mzee Zubeir akamwambia. "Adhana iko karibu."

"Kila namba ina haki yake."

Akapiga wa pili, wa tatu. Asya alisimama nyuma yake akimkingia jua kwa kanga yake. Kwa Yussuf kila namba ilikuwa na mtu. Namba 7 kikohozi cha Nyange. Namba 19 jino la Haroub. Namba 11 ni ile homa yake, blanketi, mkono wa dada unapenyeza karatasi. Kwenye namba 11 rula iliteleza, na mstari ule ndio pekee katika daftari zima uliopinda. Hakuufuta. Akaendelea mpaka arobaini, na kila mmoja akauandikia maneno yaleyale mawili, bila kufupisha, bila alama ya "kama juu". Kisha akapiga muhuri, na Mzee Zubeir akanyoosha mkono kutoka kaburini, akaweka sahihi yenye udongo.

"Nenda, mwanangu," Yussuf alimwambia Asya. "Waambie wakate. Waambie ni mirehani, na si ya kuomba kwa mtu."

Asya alikimbia. Muda si muda upepo wa upande wa nyumba ulileta harufu ile, nzito kuliko siku yoyote, kiasi kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipita barabarani aliuliza kama kuna karafuu zinapakiwa, na Mzee Zubeir akamjibu kwa ukali kwamba ni mrehani, hajui mrehani?

Bi Shadya, Asya na Suhaila walimwosha. Maji ya kwanza yalikuwa na majani ya mkunazi, ya pili yalikuwa na mrehani uliopondwa, ya mwisho yalikuwa na kafuri. Walimkausha, wakamvika sanda ya nguo tano, wakamfunga. Asya alimbusu kwenye paji la uso. Yussuf aliitwa ndani, naye akambusu, akatoka.

Jeneza lilifunikwa kanga mbili na kubebwa hadi msikitini. Baada ya Adhuhuri imamu aliuliza kama kuna mwenye haki juu ya marehemu, watu wakasema wamesamehe. Akasaliwa. Safu zilikuwa nne. Kisha wanaume walimbeba hadi makaburini, wakipokezana mabega, wakisema la ilaha illa Llah. Wanawake walibaki nyumbani.

Yussuf na Khatib, mume wa Asya, walishuka kaburini. Walimpokea, wakamlaza kwa ubavu wa kulia katika mwanandani, uso ukielekea kibla, wakalegeza kamba za sanda. Yussuf alisema Bismillahi wa ala millati rasulillah. Mbao ziliwekwa, nyufa zikazibwa kwa udongo. Walipandishwa juu. Kila mtu alitupa udongo mara tatu kwa mkono, kisha yakafuata majembe. Kaburi lilipojaa, lilimwagiwa maji, na matawi ya mrehani yakachomekwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Imamu alisoma talakini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, akaomba dua, watu wakaitikia amina. Walimpa mkono Yussuf mmoja mmoja. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Watu wakaanza kurudi, na Yussuf akarudi nao.